Mchumi aliyehesabu fedha za nchi iliyojifungia

Ndugu msomaji, ukisikia mchumi kafungwa jela, wazo la kwanza linalokujia ni kwamba kala fedha za watu. Labda kashirikiana na wakubwa kuuza kiwanda cha umma kwa bei ya kutupa. Profesa Sean Turnell wa Australia hakushitakiwa kwa wizi wa senti moja. Alikaa magerezani nchini Burma siku 650, na kosa alilosomewa lilihusu nyaraka za uchumi.

Nimemchagua mtu huyu juma hili kwa sababu kila ninapozungumzia redioni nchi zilizofunga milango yake, wasikilizaji huniuliza swali lilelile. Kama serikali haitoi takwimu, au inatoa za uongo, hao wataalamu walioko ng'ambo wanajuaje kwamba uchumi wake umeoza? Si wanabuni tu huko vyuoni mwao? Swali ni la haki kabisa, na Turnell alitumia zaidi ya miaka 20 kulijibu kwa vitendo.

Jina la Burma si geni masikioni mwetu. Wazee wetu wa KAR kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland walipigana huko mwaka 1944 katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakashuka bonde la Kabaw kwenye matope na malaria hadi mto Chindwin. Nairobi lipo mpaka soko la nyama liitwalo Burma. Nchi ile waliyoipigania ilikuwa, kabla ya vita hivyo, ikiongoza dunia nzima kwa kuuza mchele nje, zaidi ya tani milioni 3 kwa mwaka. Ilipopata uhuru mwaka 1948 wengi waliitazamia itangulie mbele ya jirani zake.

Mwaka 1962 Jenerali Ne Win akapindua serikali na kutangaza Njia ya Burma ya Kuelekea Ujamaa. Mabenki yakataifishwa, kisha maduka, mpaka biashara ndogo ndogo. Wahindi kwa mamia ya maelfu wakaondoka, wengi mikono mitupu. Mgeni aliyetaka kuitembelea nchi alipewa viza ya saa 24, baadaye zikawa siku 7. Sisi tulioishi zama za Azimio la Arusha tusiwe wepesi wa kucheka, maana foleni tunazijua. Tofauti ni kwamba hapa petu, hata katika miaka ya shida kabisa, pale Mlimani walijaa watafiti wa kila taifa na madaftari yao, wakituhesabu, wakitukosoa, na wengine wakitukosoa kwa mshahara tuliowalipa sisi wenyewe.

Burma ilifika mahali pa ajabu. Septemba 1987 serikali ilitangaza ghafla kwamba noti za kyati 25, 35 na 75 hazina thamani tena, wala hakuna fidia. Sehemu kubwa ya fedha zilizokuwa mikononi mwa watu iligeuka karatasi siku moja. Mwanafunzi aliyekuwa na karo mfukoni hakuwa na karo tena. Kisha zikatolewa noti mpya za kyati 45 na 90, namba zinazogawanyika kwa 9, namba ambayo Ne Win aliamini inamletea bahati. Hebu fikiri unanunua nyanya na noti ya 45, mwuzaji akurudishie chenji! Mwaka uliofuata, Agosti 1988, wananchi wakamiminika barabarani, jeshi likawamiminia risasi, na watawala wapya wa kijeshi wakashika hatamu. Mwaka 1989 wakabadili jina la nchi kuwa Myanmar.

Hapo ndipo anapoingia Turnell. Alikuwa mchambuzi katika Benki Kuu ya Australia kabla ya kwenda kufundisha uchumi Chuo Kikuu cha Macquarie, Sydney. Huko, pamoja na wenzake, alianzisha kitengo cha kufuatilia uchumi wa Burma. Ilikuwa kazi isiyo na sifa kubwa. Vijana waliosomea uchumi miaka ya 1990 walikimbilia China, walikimbilia Ulaya ya Mashariki, mahali penye fedha za utafiti. Burma ilikuwa nchi maskini ambayo hata kitabu chake cha takwimu kilikuwa cha kutilia shaka.

Sasa, mtu anaihesabu vipi nyumba ambayo haruhusiwi kuingia? Anakwenda dukani. Mwenye nyumba anaweza kuficha chungu chake, lakini kilo za sukari alizokopa zimeandikwa kwenye daftari la mwenye duka. Burma ikiiuzia Thailand gesi, forodha ya Thailand inaandika imenunua kiasi gani na imelipa dola ngapi, na Thailand haina sababu ya kumfichia jenerali wa Burma. Ikinunua mashine kutoka China, China nayo inaandika. Kwa hiyo mtaalamu anakusanya vitabu vya majirani wote, anavipanga, anapata picha ya mtu asiyetaka kupigwa picha. Wachumi wanaoichunguza Korea Kaskazini nao hutumia njia hiyohiyo.

Halafu vipo vitu vinavyotembea pamoja na uchumi upende usipende. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watawala wa Burma walitangaza kila mwaka kwamba uchumi unakua kwa zaidi ya asilimia 10, kasi ya kuishinda hata China. Kama ni kweli, basi viwanda vinakula umeme zaidi, majenzi yanakula saruji zaidi, mashamba yanakula mbolea zaidi. Wachumi wa nje wakatazama vitu hivyo, wakaona haviendi kwa mwendo huo hata kidogo. Huwezi kukua kama China huku taa zinazimika.

Lakini kazi ya Turnell ninayoipenda kuliko zote ni ile ya gesi, na naomba uvumilie hesabu kidogo.

Serikali ya Burma ilikuwa na bei rasmi ya dola, karibu kyati 6 kwa dola moja. Bei hiyo ilikaa hivyo miaka nenda miaka rudi. Mtaani, ambako watu wazima hununua dola, ilikuwa kyati 1,000, wakati mwingine zaidi. Msomaji mwenye umri wangu, niliye katika miaka ya arobaini, amesimuliwa na wazazi wake habari za walanguzi wa miaka ya 1980 hapa kwetu, bei ya benki ikiwa moja na bei ya uchochoroni nyingine. Lakini yetu ilikuwa tofauti ya mara kadhaa. Ya Burma ilizidi mara 150.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 gesi ya baharini ilianza kwenda Thailand kwa bomba, na dola zikaanza kuingia kwa wingi ambao Burma haikuwa imeuona tangu enzi za mchele. Tuseme, kwa mfano tu, zimeingia dola bilioni 1. Ukiziandika kwenye vitabu vya serikali kwa bei rasmi, zinakuwa kyati bilioni 6. Ukiziandika kwa bei ya mtaani, zinakuwa kyati trilioni 1. Turnell alionyesha kwamba mapato ya gesi yaliandikwa kwa bei rasmi. Kwa hiyo utajiri mkubwa kuliko wote wa nchi uliingia katika bajeti kama vijisenti, sehemu ndogo isiyofika hata asilimia moja ya mapato. Hakuna aliyevunja kabati wala kughushi saini. Mkaguzi angekuja, angekuta kila kitu kimeandikwa, na kila hesabu inajumlika sawasawa.

Basi swali likawa: hizo dola zenyewe, ambazo Thailand imezilipa na risiti ipo, ziko wapi? Serikali ilikuwa ikisema haina fedha za hospitali wala shule, na kwa kitabu chake ilikuwa inasema kweli. Wakati huohuo, mwaka 2005, watawala wakahamia mji mkuu mpya kabisa, Naypyidaw, uliojengwa porini na barabara pana ambazo magari hayajatosha kuzijaza. Turnell hakuwa na jasusi hata mmoja katika jambo hili. Alikuwa na vitabu vya forodha vya Thailand, bajeti ya Burma yenyewe, na kalamu.

Nimefanya kazi hii ya habari miaka mingi, na naweza kukuambia kwamba takwimu zinazofichwa sana mara nyingi si za mizinga. Niliwahi kusubiri majuma matatu katika ofisi moja, sitaitaja, nikitaka kujua tu kiasi cha ushuru uliokusanywa katika soko moja. Karani alikuwa na faili mezani pake. Nililiona. Aliniambia ni siri.

Turudi kwenye hoja. Februari 2003 Burma ilipata msiba wa mabenki. Kwa miaka kadhaa riba ya akiba benki ilikuwa chini ya kupanda kwa bei, maana yake ukiweka fedha zinapungua zikiwa zimekaa. Watu wakanunua dhahabu, na wengine wakapeleka fedha kwa makampuni yaliyoahidi faida nono kila mwezi. Makampuni hayo yalipoanza kuanguka, uvumi ukahamia kwenye mabenki binafsi. Foleni zikafika barabarani. Mabenki yakaweka kikomo cha kuchukua fedha kwa juma, wakakipunguza, kisha yakafanya jambo baya zaidi: yakawaambia waliokopa warudishe mikopo kabla ya wakati wake. Mwenye kiwanda aliyenunua malighafi kwa mkopo afanyeje, auze paa? Turnell aliandika habari za msiba ule wakati majeraha bado mabichi, na alichosisitiza ni kwamba benki husimama juu ya imani, na nchi ambayo serikali imewahi kufuta noti mara tatu, 1964, 1985 na 1987, imeichoma imani hiyo yenyewe.

Kazi yake kubwa, kitabu alichokitoa mwaka 2009 kuhusu mabenki na wakopeshaji wa Burma, inarudi nyuma hadi enzi za Mwingereza. Anaeleza habari za Wachettiar, wakopeshaji kutoka kusini mwa India, ambao fedha zao ndizo zilizofyeka misitu ya delta ikawa mashamba ya mpunga. Bei ya mchele ilipoporomoka katika mdororo wa miaka ya 1930, wakulima wakashindwa kulipa, na ardhi waliyoweka rehani ikaenda. Mwaka 1930 Wachettiar walimiliki asilimia 6 ya mashamba katika wilaya kuu za mpunga. Kufika mwaka 1937 ilikuwa robo. Wazanzibari watakaosoma hapa watakumbuka mashamba ya mikarafuu na madeni ya miaka hiyohiyo, mpaka Mwingereza akatunga sheria ya mwaka 1934 ya kuzuia ardhi isihamie mikononi mwa wakopeshaji. Burma nayo ilitunga yake mwaka 1939. Turnell hawalaani Wachettiar kama wengi wanavyofanya. Anasema mkulima hakuwa na mahali pengine pa kukopa, na waliofukuzwa walipoondoka hakuja mwingine wa kujaza pengo. Mimi nadhani anawahurumia kidogo kupita kiasi, lakini hoja yake ya pengo sijaona aliyeijibu.

Kisha milango ikafunguka. Aprili 2012 serikali mpya, iliyovaa kiraia juu ya sare, iliachana na bei ile ya kyati 6 na kuanza na kyati 818 kwa dola, yaani ilikubali kile ambacho mtaa ulikuwa unakijua siku zote. Novemba 2015 chama cha Mama Aung San Suu Kyi kikashinda uchaguzi. Turnell alikuwa amefahamiana naye tangu miaka ya 1990, na sasa akaitwa awe mshauri wake wa uchumi. Mtu aliyekuwa akichungulia kwa tundu la ufunguo alipewa kiti ndani ya nyumba, hapohapo Naypyidaw. Zilikuja hatua kadhaa za mageuzi, kama sheria mpya ya makampuni iliyoanza kazi mwaka 2018 na makampuni ya nje kuruhusiwa katika bima.

Hapa pana jambo ambalo siwezi kuliruka. Mwaka 2017 jeshi liliwashambulia Warohingya, na zaidi ya watu 700,000 wakakimbilia Bangladesh. Desemba 2019 Mama Suu Kyi alikwenda The Hague kuitetea nchi yake mbele ya Mahakama ya Kimataifa, na ulimwengu uliomtukuza ukamgeuzia kisogo. Turnell aliendelea na kazi. Wapo wanaomlaumu, na ninawaelewa. Mtafiti aliyeko nje hana deni kwa mtu ila ukweli. Akishakubali kuwa mshauri, anabeba na yale ambayo hakuyashauri. Ninachoweza kusema kwa upande wake ni kwamba waliokuwa wanasubiri mageuzi yashindwe ni hao hao wenye bunduki.

Tarehe 1 Februari 2021 jeshi lilipindua serikali. Siku tano baadaye Turnell alikamatwa hotelini Yangon. Alipelekwa gereza la Insein, lililojengwa na Waingereza, baadaye akahamishiwa Naypyidaw. Aliugua UVIKO-19 zaidi ya mara moja humo. Chakula kililetwa kwenye ndoo. Ubalozi wa Australia ulikuwa ukimpelekea chakula katika mifuko yenye nembo ya taifa lake, na yeye akawa anaitundika mahali ambapo walinzi wangeiona, wajue kwamba yuko mtu anayemwulizia.

Sheria aliyoshitakiwa nayo ni ya siri za serikali, ya mwaka 1923. Itazame tarehe hiyo. Ni sheria ya mkoloni, iliyotungwa wakati Burma ikitawaliwa kama sehemu ya India, ili makarani weusi na wa kahawia wasitoe nje mambo ya bwana mkubwa. Wanajeshi wanaojiita wazalendo, waliobadili jina la nchi kwa sababu lilikuwa la kikoloni, hawakuibadili sheria. Turnell alikana mashitaka, na Mama Suu Kyi, aliyeshitakiwa pamoja naye, alikana vilevile. Tarehe 29 Septemba 2022 kila mmoja alihukumiwa miaka 3.

Na tusijifanye kwamba hofu ya takwimu ni ugonjwa wa majenerali wa Asia peke yao. Hapa Tanzania, Septemba 2018, Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Takwimu yaliyofanya kuwa kosa la jinai mtu kutangaza takwimu za kuzipotosha au kuzikanusha zile rasmi. Benki ya Dunia ilieleza wasiwasi wake waziwazi, wasomi wetu nao wakapiga kelele, na Juni 2019 kifungu hicho kililegezwa. Linganisha na Burma upendavyo. Kwetu yalikuwako malumbano, na Bunge likarudi kwenye meza. Lakini kwa miezi ile kadhaa, kijana wa Mlimani mwenye hesabu kama za Turnell mkononi angelazimika kufikiri mara mbili kabla ya kuzichapa.

Tarehe 17 Novemba 2022 Turnell aliachiwa katika msamaha wa wafungwa zaidi ya 5,000, akawekwa kwenye ndege ya kwenda Bangkok, na kutoka hapo akarudi Australia kwa mkewe, ambaye naye ni mchumi na ndiye aliyempigia kelele siku zote hizo. Mwaka 2023 alitoa kitabu kuhusu kifungo chake.

Uchumi alioacha nyuma yake, kwa hesabu za Benki ya Dunia, ulisinyaa kwa karibu asilimia 18 katika mwaka wa mapinduzi. Kabla ya mapinduzi dola moja ilikuwa kyati 1,330 hivi. Aprili 2022 watawala waliwaamuru watu wenye dola kuzibadili kwa bei ya serikali, kyati 1,850, na Agosti mwaka huohuo wakaipandisha hadi 2,100. Kufika mwaka 2024 mtaani ilikuwa imepita 4,000. Bei mbili za dola zimerudi, na anayeuza nje mchele au choroko akalazimishwa kuikabidhi serikali sehemu ya dola zake kwa bei ndogo. Wanaotaka kujua tofauti hiyo inakwenda wapi watahitaji kuvifungua tena vitabu vya forodha vya Thailand na China. Navyo, kwa bahati, havikupata kufungwa.